Mpiga picha aliyekubali kupigwa picha akipambana na Parkinson

ALIKUWA ameketi kwa chakula cha mchana jijini Tokyo, Japani. Alipoinuka kitini, mguu wa kushoto ulikataa kumtii. Alipepesuka hatua chache, akajikaza, kisha akaenda zake kana kwamba hapakutokea jambo. Kwa muda alikuwa akihisi maumivu hafifu katika mguu huo, lakini hakuyatilia maanani. Mtu aliyetoka kuandamana na askari katika milima ya Korea ana sababu tele za kuumwa na mguu.

Mwanamke huyo, Margaret Bourke-White, alikuwa na umri wa takriban miaka 48, na pengine hapakuwa na mpiga picha mwingine wa kike aliyejulikana kumpita duniani wakati huo. Alikuwa amepanda ndege za kivita, akaokolewa baharini baada ya meli yake kupigwa kombora, akashuka katika migodi ya dhahabu na kuingia ikulu ya Kremlin. Hakujua kwamba hatua zile chache za kupepesuka ndizo zilizofungua vita virefu kuliko vyote alivyowahi kuvishuhudia, na kwamba safari hii uwanja wa vita ungekuwa mwili wake mwenyewe.

Alizaliwa New York mnamo Juni 14, 1904, akalelewa katika mji mdogo wa Bound Brook, jimbo la New Jersey. Baba yake, Joseph White, alikuwa mhandisi na mvumbuzi wa mitambo ya uchapishaji, mtu wa maneno machache aliyependa pia kupiga picha. Alikuwa akimchukua bintiye kwenda naye viwandani kutazama chuma kikiyeyushwa, na ule mng'ao wa uji wa moto ukimwagika gizani haukumtoka msichana huyo akilini. Mama yake, Minnie Bourke, hakuwa mtu wa mzaha katika malezi; alitaka watoto wake wachague lililo gumu pale wanapoweza kuponyoka na lililo jepesi.

Kwanza binti huyo alitaka kuwa mtaalamu wa nyoka. Naam, nyoka! Alipitia vyuo kadhaa, akaolewa mwaka wa 1924 na kuachana na mumewe miaka miwili baadaye, na hatimaye akafuzu Chuo Kikuu cha Cornell mnamo 1927. Kamera yake ya kwanza, ambayo mama yake alimnunulia, ilikuwa kuukuu na lenzi yake ilikuwa na ufa. Baada ya talaka alianza kuliunganisha jina la mama yake na la baba yake, na hilo ndilo jina lililokuja kuchapishwa chini ya maelfu ya picha.

Umaarufu wake ulianzia katika tanuri. Akiwa Cleveland, jimbo la Ohio, alimbembeleza mkurugenzi wa kiwanda cha chuma cha pua cha Otis amruhusu kupiga picha ndani. Tatizo ni kwamba filamu za siku hizo hazikuweza kuinasa rangi nyekundu ipasavyo, hivyo chuma kilichoyeyuka kilitokea cheusi kama makaa. Majuma yalipita, picha zikiharibika usiku baada ya usiku, hadi mchuuzi mmoja wa vifaa vya sinema alipomletea mienge ya magnesiamu iliyotoa mwanga mweupe mkali. Picha zilizopatikana zilimfikia mchapishaji Henry Luce wa New York, naye akamwajiri mwaka wa 1929 katika jarida jipya la Fortune. Luce alipoanzisha jarida la Life, toleo la kwanza la Novemba 23, 1936 lilikuwa na picha ya Bourke-White katika jalada: kuta za bwawa la Fort Peck, Montana, zikiwa zimesimama kama ngome ya kale.

Ni vigumu kuorodhesha aliyoyafanya katika miaka kumi na mitano iliyofuata bila kumchosha msomaji. Mwaka wa 1937 alinasa foleni ya watu weusi wa Louisville, Kentucky, wakisubiri msaada baada ya mafuriko, huku nyuma yao bango kubwa likiisifu Marekani kwa maisha bora kuliko nchi zote, pamoja na familia ya kizungu yenye furaha ndani ya gari. Alikuwa Moscow Wajerumani walipoishambulia mwaka wa 1941, akampiga picha Stalin. Desemba 1942 meli ya Strathallan iliyokuwa ikimpeleka Afrika Kaskazini ilizamishwa, naye akaponea katika mashua. Mwezi uliofuata alipanda ndege ya kudondosha mabomu kwenda Tunis, na kuwa mwanamke wa kwanza kuandamana na wanajeshi wa anga wa Marekani katika shambulizi. Aprili 1945 aliingia kambi ya mateso ya Buchenwald pamoja na majeshi ya Jenerali Patton.

Nchini India mwaka wa 1946, wasaidizi wa Mahatma Gandhi walimwambia kwamba hawezi kumpiga picha mzee yule karibu na gurudumu lake kabla yeye mwenyewe hajajifunza kusokota nyuzi. Akaketi chini, akajifunza. Alirejea huko mgawanyiko wa India na Pakistan ulipokuwa ukiwang'oa mamilioni makwao, na alizungumza na Gandhi saa chache tu kabla hajauawa Januari 30, 1948.

Sisi Waafrika tunamkumbuka zaidi kwa kazi aliyoifanya Afrika Kusini, serikali ya ubaguzi wa rangi ilipokuwa ndiyo kwanza inajikita. Katika mgodi wa dhahabu karibu na Johannesburg alishuka takriban maili mbili chini ya ardhi, katika joto lililokaribia kumwangusha, akawapiga picha wachimbaji wawili waliolowa jasho kifua wazi. Mgodini hawakujulikana kwa majina bali kwa nambari walizopewa. Picha hiyo ilitoka katika Life mwaka wa 1950, na nyuso zile mbili zilieleza hali ya nchi ile kuliko hotuba nyingi za bunge.

Hata hivyo, hakuwa malaika. Maelezo yaliyoandamana na picha za wakulima maskini katika kitabu alichokitoa na mwandishi Erskine Caldwell mwaka wa 1937 yalikuwa maneno ambayo waandishi wenyewe waliyabuni na kuyatia vinywani mwa watu wale, jambo ambalo chumba chochote cha habari leo kingelikataa. Mwanahabari aliyefuatana naye nchini India alisimulia baadaye jinsi alivyowaamuru wakimbizi waliochoka wasogee hapa, warudi pale, wasimame tena, mpaka apate picha aliyoitaka. Kwake picha ilitangulia. Tuliweke jambo hilo akilini, kwa maana lina uhusiano na yaliyomfika.

Siri ya miaka kadhaa

Mguu ulifuatwa na mkono wa kushoto. Vidole vilianza kukakamaa, na mwili mzima ukawa unachelewa kuitikia, kama kwamba amri zilizotoka kichwani zilipotelea njiani. Alizunguka kwa madaktari wengi kabla ya kupata jibu: alikuwa na maradhi ya Parkinson.

Maradhi haya yana jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeyaeleza katika kijitabu cha mwaka wa 1817. Alitegemea wagonjwa sita tu, na baadhi yao hakuwahi hata kuwapima. Aliwatazama wakipita barabarani, mwili umeinama mbele na mikono ikitetemeka. Leo tunajua kwamba seli za sehemu ndogo ya shina la ubongo, zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, hufa polepole. Dopamini inapopungua, misuli hukaza, viungo hutetemeka hata vinapopumzika, hatua hufupika, sauti hufifia, na uso hukosa kuonyesha furaha wala huzuni. Akili ya mgonjwa yaweza kubaki timamu kwa miaka mingi, ikitazama mwili ukimkatalia.

Kwa mpiga picha wa enzi hizo, adhabu hiyo ilikuwa kamili. Kubadilisha lenzi, kutia filamu, kuzungusha kipete cha lenzi mpaka picha ikae sawa, zote ni kazi za ncha za vidole. Kamera haimsubiri mtu, na tukio haliwezi kuombwa lirudi.

Alificha. Kwa miaka kadhaa ni wachache mno waliojua, na hatuna haki ya kumlaumu. Mwanamke aliyekuwa amejenga jina lake kwa kwenda kule ambako wanaume walisita angewezaje kumwambia mhariri wake kwamba hawezi kufunga kifungo cha nguo? Aliendelea kuchukua kazi alizozimudu. Alizunguka akiwapiga picha mapadri wa shirika la Jesuit nchini Marekani kwa ajili ya kitabu alichokiandika pamoja na Padri John LaFarge, na kitabu hicho kilitoka mwaka wa 1956, wakati maradhi yakiwa yamekwisha kumshika barabara. Picha zake za mwisho katika Life zilikuwa za mwaka wa 1957.

Tabia hii ya kuficha haijatoweka, na mara nyingine si mgonjwa anayeficha bali ni maradhi yenyewe yanayojificha kwa sababu hapana wa kuyatambua. Utafiti uliofanywa wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, Tanzania, na kuchapishwa mwaka wa 2008, ulionyesha kwamba wengi wa wagonjwa wa Parkinson waliopatikana vijijini hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Kwa jamaa zao, yule alikuwa mzee tu anayetetemeka.

Wakati Bourke-White alipokuwa akificha, tiba ya maana haikuwapo. Alichopewa ni mazoezi, na aliyafuata kwa bidii ileile aliyokuwa nayo katika tanuri la Cleveland. Alitembea maili nne kila siku. Alikamua taulo zilizolowa maji ili viganja visisahau kukunja. Alichukua karatasi za magazeti, akazifinyanga moja baada ya nyingine kuwa matonge, ili vidole vibaki na nguvu ya kubonyeza kamera. Nimehariri kurasa za magazeti kwa miaka mingi, na nimeona zikifungiwa nyama, zikipambiwa kuta na kuwashiwa jiko. Sikumbuki matumizi mengine ya gazeti la jana yenye heshima kama hayo.

Kisu na kamera

Mwaka wa 1952, daktari wa upasuaji Irving Cooper alikuwa akimpasua mgonjwa wa Parkinson ubongoni mshipa mmoja wa damu ulipochanika kwa bahati mbaya. Aliufunga mshipa, akasitisha upasuaji. Mgonjwa alipozinduka, mtetemeko ulikuwa umetoweka. Kutokana na ajali hiyo Cooper alianza kutafuta njia ya kuharibu kwa makusudi sehemu ndogo tu ya ubongo, na kufikia mwisho wa muongo huo alikuwa akitoboa tundu katika fuvu na kudunga alkoholi katika kiini cha ubongo kiitwacho thalamasi. Mgonjwa hutiwa ganzi lakini hubaki macho, ili daktari aweze kumwomba ainue mkono na kuona iwapo amegusa mahali panapostahili.

Bourke-White alikubali kupasuliwa mapema mwaka wa 1959. Upasuaji ulifanikiwa, upande wa kushoto wa mwili wake ulilegea, na mkono ukarudi kutumika.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo kwa maoni yangu lazidi kwa ushujaa ile safari ya ndege ya mabomu. Alimruhusu Alfred Eisenstaedt ampige picha. Eisenstaedt, Mjerumani aliyekuwa amehamia Marekani, alikuwa mmoja wa wapiga picha wanne wa kwanza wa Life pamoja na Bourke-White, na ndiye aliyepiga ile picha ya baharia akimbusu mwanamke jijini New York siku Japani iliposalimu amri mwaka wa 1945. Alimpiga picha mwenzake kichwa kikiwa kimenyolewa kwa ajili ya upasuaji, kimefungwa bendeji. Akampiga akijikokota katika mazoezi, akishindana na vitu ambavyo mtoto mdogo hufanya bila kufikiri. Jarida la Life lilizichapisha Juni 1959, pamoja na maelezo ambayo mgonjwa mwenyewe aliandika.

Tukumbuke huyu alikuwa nani. Alikuwa yule aliyewasimamisha wakimbizi wa Punjab na kuwataka warudie hatua zao. Alikuwa ametazama kupitia lenzi wenye njaa, waliofungwa, waliokufa, na wengi wao hawakuombwa ruhusa. Sasa alisimama upande wa pili wa kamera, tena si katika vazi lake la mwanahabari wa vita lililopendwa na wasomaji, bali katika udhaifu ambao kwa miaka alikuwa ameuficha hata kwa marafiki. Sidai kwamba alikuwa akilipa deni. Lakini alijua vyema kuliko mtu yeyote picha kama hizo humfanya nini anayepigwa, na bado alikubali.

Matokeo yake ni kwamba maradhi ambayo watu waliyanong'ona yalitajwa kwa jina katika jarida lililosomwa na mamilioni. Januari 1960 kituo cha NBC kilionyesha mchezo wa televisheni kuhusu masaibu yake, Teresa Wright akiigiza nafasi ya Bourke-White.

Maradhi ya Parkinson hayajui makofi, lakini. Yalianza kuuandama upande wa pili wa mwili, na mwaka wa 1961 alirudi kupasuliwa. Mtetemeko ulikoma. Bei yake ilikuwa sauti: maneno yalianza kutoka kwa taabu, na waliomtembelea walilazimika kutega sikio. Mwanamke aliyekuwa amewashawishi wakurugenzi wa viwanda, majenerali na makamisaa sasa alihangaika kumaliza sentensi moja.

Kutoka lenzi hadi maandishi

Ni vyema hapa kumtaja Mmarekani mwingine wa zama hizo, mwandishi wa tamthilia Eugene O'Neill, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1936. Naye alikuwa na mikono iliyotetemeka, na madaktari walidhani ni Parkinson, ingawa uchunguzi wa ubongo wake baada ya kifo ulionyesha maradhi mengine. O'Neill aliandika kwa penseli, herufi ndogondogo. Penseli ilipokataa kushikika, alijaribu kumsomea mtu mwingine aandike, akashindwa kabisa. Mawazo yake yalipitia mkononi, hayakuwa na njia nyingine. Miaka yake kumi ya mwisho hadi kufa kwake mwaka wa 1953 haikuzaa tamthilia mpya.

Tofauti yake na Bourke-White si kwamba mmoja alikuwa na moyo na mwingine hakuwa nao. O'Neill alikuwa na mlango mmoja, nao ulifungwa. Bourke-White alikuwa na miwili. Tangu awali aliandika, na kila safari kubwa ilikuwa imezaa kitabu: Urusi, vita vya Italia, Ujerumani iliyoshindwa, India. Kamera ilipomponyoka alihamia kwenye maandishi. Kwa subira ya miaka alitunga kumbukumbu za maisha yake, Portrait of Myself, zilizotoka mwaka wa 1963 na kununuliwa kwa wingi. Sura za mwisho zinayaeleza maradhi yake kwa utulivu wa mtu aliyetumwa kuripoti, tangu meza ile ya Tokyo hadi chumba cha upasuaji. Hasemi kwamba amepona, wala haombi kuhurumiwa.

Ingefaa hadithi iishie hapo, ila maisha yaliendelea kwa miaka minane zaidi, na hayakuwa mepesi. Aliishi Darien, jimbo la Connecticut, akizidi kudhoofika na kutengwa na ulimwengu. Malipo ya uzeeni aliyotengewa, ambayo yalionekana mazuri yalipowekwa, hayakutosha tena gharama za matunzo. Mkono wake ulikuwa mwepesi wa kutoa, jambo lililompunguzia akiba. Mwaka wa 1969 alistaafu rasmi kutoka Life. Wakati huo huo sayansi ilikuwa ikimkaribia: mwaka wa 1967 daktari George Cotzias alikuwa ameonyesha jinsi dawa ya levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, ilivyoweza kuwainua wagonjwa waliokuwa wamekakamaa kwa miaka. Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka wa 1970. Hadi leo ndiyo nguzo ya matibabu, na upasuaji wa aina aliyofanyiwa umepisha mbinu ya kuingiza nyaya nyembamba za umeme ubongoni, zinazoweza kuzimwa zikileta madhara.

Sebule yake kule Darien ilikuwa na ukuta mmoja wa ajabu. Kuanzia sakafuni hadi darini ulikuwa umefunikwa na picha moja kubwa ya rangi nyeusi na nyeupe, iliyounganishwa kwa ustadi hata maungio yasionekane: msitu wa miti isiyopukutika majani, alioupiga yeye mwenyewe Czechoslovakia mwaka wa 1938, miezi michache kabla nchi hiyo haijamezwa na Hitler. Mbele ya miti hiyo ndipo alipopitisha miaka yake ya mwisho.

Alifariki katika hospitali mjini Stamford mnamo Agosti 27, 1971, akiwa na umri wa miaka 67.